Siriba ya Mwisho wa Kipupwe

Nane Nane ikishapita na wakulima wakarudi kutoka viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Itumba huingia katika majuma ninayoyapenda kuliko yote ya mwaka. Mahindi yameshavunwa na maharage yamepepetwa. Asubuhi bado ni ya sweta, na kitenge juu ya sweta, lakini mchana jua limeanza kurudiwa na nguvu. Mvua haitarajiwi kabla ya Novemba. Jembe limeegemezwa ukutani, na kwa muda mfupi watu wana nafasi ya kukaa chini wakafundishana kazi za nyumbani.

Kazi hizo ni nyingi, na baadhi zina sababu ya kungoja msimu huu. Mwanzi wa kusukia ungo, kwa mfano, hukatwa wakati wa kiangazi ukiwa umekomaa, kwa kuwa wakati huo utamu ndani yake umepungua na wadudu hawaushambulii sana. Hupasuliwa kwa urefu, nyama ya ndani ikaondolewa, likabaki ganda la nje lenye nguvu. Vyungu vina wenyewe: akina mama wa Kikisi wa Ikombe, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambao kazi za mikono yao huvushwa kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema. Lakini kazi ninayotaka kuisifu hapa ni ile ambayo watu wengi hawaihesabu hata kuwa ufundi: kusiriba nyumba.

Tazama inavyoanza. Udongo haufukuliwi popote tu. Udongo wa kichuguu hupendwa kwa sababu mchwa wameshauchambua. Una mfinyanzi wa kutosha na hauna mawe. Ukitumika peke yake hupasuka ukikauka, kwa hiyo huchanganywa na mchanga. Kisha huja samadi mbichi ya ng'ombe. Mgeni hukunja pua, lakini nyuzinyuzi za majani zilizomo ndizo zinazoushika udongo usiachane, na ikikauka haina harufu. Mchanganyiko hukanyagwa kwa miguu, ukalazwa usiku kucha ili maji yapenye kila bonge, na asubuhi hukanyagwa tena mpaka uwe na uzito wa ugali laini.

Hapo ndipo mwanafunzi hutaka kukimbilia ukuta. Bibi mwenye kazi yake humzuia: "Mjukuu wangu, unyweshe ukuta kwanza." Ukuta mkavu hunyonya maji ya siriba kabla haijashika, kisha siriba yote hubanduka. Kwa hiyo ukuta hunyunyiziwa maji, ukapakwa tabaka la kwanza zito kwa kiganja, kuanzia juu kushuka chini. Tabaka hilo likishajikaza huja la pili, jembamba, la udongo uliochekechwa, la kulainisha. Hakuna chombo kinachoshinda kiganja katika hatua hii. Kiganja husikia uvimbe ambao jicho halijauona, na husikia mahali palipokauka mapema. Ndiyo maana kazi hii haifundishiki kwa maneno. Bibi huuweka mkono wake juu ya mkono wa mtoto, wakaenda pamoja ukutani.

Na kwa nini mwisho wa kipupwe? Kwa sababu udongo ukikaushwa haraka na jua kali la Oktoba hupasuka, na ukipakwa masika huoshwa na mvua. Baridi hii ya Agosti huukausha polepole, na ule ufa unaojitokeza unapata majuma ya kutosha kuzibwa kabla ya mvua ya kwanza.

Najua Itumba ya leo ni mji, makao makuu ya Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Nyumba za matofali ya kuchoma na bati zinaongezeka, na hilo ni jema. Hata hivyo ukizunguka uani utaona jiko la kupikia bado ni la udongo, na hata mwenye fedha akilipiga lipu ya saruji, lipu hiyo mara nyingi huvimba na kubanduka, kwa sababu saruji ngumu haiendi pamoja na ukuta wa udongo na huufungia unyevu ndani. Kwa ukuta wa namna hiyo siriba si dawa ya umaskini. Ndiyo dawa sahihi. Kule Djenné, Mali, msikiti mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 ni wa udongo, na umesimama hadi leo kwa kuwa mji mzima hutoka kila mwaka kuusiriba kabla ya mvua, vijana wakipanda ngazi na mafundi wazee wakisimamia. Mji huo umo katika Urithi wa Dunia tangu 1988. Udongo wao hauna heshima kubwa kuliko wetu.

Wandali na Walambya wa huku kwetu, ambao wana ndugu ng'ambo ya mto Songwe huko Malawi, wangali na bibi wanaoijua kazi hii pande zote mbili. Tangu Mwalimu Nyerere aandike Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 tumekuwa tukisema shule ifundishe mikono pia, na sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali. Basi, mwalimu wa Ileje unayesoma haya, usingoje kitabu. Kabla Agosti haijaisha, mwite bibi mmoja wa jirani. Mkabidhi ukuta wa jiko la shule, kichuguu, samadi, maji, na Jumamosi mbili za wanafunzi, wavulana kwa wasichana. Akimaliza, mlipe kama anavyolipwa fundi mwingine yeyote.