Umbo Jipya na Siasa Mpya: Ngonjera, Kichomi na Kivugo

Azimio la Arusha lilipotangazwa mwaka 1967, siasa mpya ilitafuta ushairi wa kuieneza, na ushairi ulioitika ulikuwa wenye umbo la kale. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ugogo, alizipa ngonjera kazi ya kuufundisha Ujamaa. Sababu yake ni dhahiri. Vina na mizani husaidia kumbukumbu. Hata mtoto wa shule huko Bugarama, wilayani Ngara, ambaye nyumbani husema Kihangaza au Kishubi, aliweza kuyahifadhi kwa moyo maneno ya Kiswahili asiyoyazoea. Lakini ngonjera ya siasa ina upungufu wake: mwisho wake hujulikana kabla ya mwanzo. Asiyejua huuliza, ajuaye hujibu, na shaka hufutwa katika beti za mwisho.

Shaka hiyo ilipata makao katika Kichomi cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974. Mwandishi huyo wa Ukerewe aliacha vina na mizani, akatetea lugha isemwayo kila siku. Alishutumiwa kwamba ameiga Wazungu. Shutuma hiyo yasahau mengi. Mkoani Kagera kwenyewe, vivugo vya Wahaya, yaani majigambo ya kishujaa, na tendi zao za nanga, ambazo M. M. Mulokozi alizichunguza katika tasnifu yake ya 1986, hazifungwi na kanuni za shairi la pwani. Wala huu si ugomvi wa pwani na bara: Amri Abedi, aliyezitungia kanuni hizo kitabu mwaka 1954, alikuwa mzaliwa wa Ujiji. Tofauti ya kweli ni kwamba ngonjera husema kwa niaba ya umma unaodhaniwa kuwa umekwisha kukubaliana, na Kichomi husema kwa niaba ya mtu ambaye bado hajakubali.

Kwa hiyo si sawa kudhani kwamba umbo jipya ndilo tarumbeta ya mapinduzi. Katika Tanzania mapinduzi yalivaa umbo la kale, na umbo jipya likaja nyuma yake kuyahoji. Kezilahabi aliivunja riwaya vivyo hivyo katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), wakati mfumo wa chama kimoja ulipokaribia kukoma mwaka 1992. Vitabu hivyo havikuuleta mwisho huo. Vilidhihirisha tu kwamba maneno yaliyoaminiwa yalikuwa yamechoka.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama. Shairi lisilohifadhika kwa moyo lahitaji kitabu na msomaji wa peke yake. Ngonjera yahitaji uwanja tu na masikio. Kivugo hukaa moyoni pasipo vina vya lazima, kwa marudio na kwa pumzi ya msemaji. Mshairi atakaye kuhoji siasa mbele ya umma, wala si chumbani, hapana budi ajifunze huko.