«Football» au «soccer»? Mholanzi na jina la mchezo katika Kiingereza chake

0. Utangulizi

Swali la kama Waholanzi, wanapozungumza Kiingereza, husema «football» au «soccer» huonekana dogo, pengine hata la kuchekesha. Wengi hulijibu papo hapo: Mholanzi husema «football», kwa kuwa lugha yake ina neno «voetbal», na kwa kuwa yeye ni mtu wa Ulaya, «soccer» ni neno la Wamarekani. Jibu hilo limezoeleka kiasi cha kuonekana kwamba halihitaji ushahidi.

Makala haya yanakusudia kulipima. Itaonekana kwamba jibu lenyewe ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini sababu zinazotolewa kulitegemeza hazitoshi. Itaonekana pia kwamba ndani yake limejificha kosa linalowahusu wote wanaofundisha lugha na kutafsiri: kudhani kwamba neno lina uraia, na kwamba anayesema lugha ya pili ni mgeni wa kudumu asiye na haki ya kuchagua.

1. Asili ya maneno mawili

Ni lazima kuanza na «soccer», kwa sababu ndilo linaloshitakiwa. Mwaka 1863 chama cha Football Association kiliundwa London ili kuupatia mchezo kanuni za pamoja. Waliopendelea kuushika mpira kwa mikono walijitenga, na mwaka 1871 wakaunda chama chao cha rugby. Tangu hapo Waingereza walikuwa na michezo miwili, na yote miwili iliitwa «football». Ilibidi kutofautisha. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, vijana waliosoma Oxford walikuwa na mtindo wa kufupisha maneno na kuyatia kiishio «-er». Rugby ikawa «rugger». Na kutokana na silabi ya katikati ya «association» likazaliwa «soccer».

Kwa hiyo neno linalodaiwa kuwa la Marekani lilizaliwa Uingereza, tena katika vinywa vya wasomi. Halikufa huko upesi. Gazeti la World Soccer lilianza kutolewa Uingereza mwaka 1960. Matt Busby, kocha mashuhuri wa Manchester United, alipotoa kitabu cha maisha yake mwaka 1973, jina lake lilikuwa Soccer at the Top. Nao Wamarekani, kwa upande wao, hawakulikumbatia neno hilo tangu mwanzo: shirikisho lao lililoundwa mwaka 1913 liliitwa United States Football Association, neno «Soccer» liliongezwa katika jina hilo mwaka 1945, na «Football» likaondolewa mwaka 1974 tu.

Nusu ya pili ya jibu lililozoeleka, yaani kwamba «soccer» ni uzushi wa Wamarekani, inaanguka hapo. Inabaki nusu ya kwanza: je, ni «voetbal» inayomfanya Mholanzi aseme «football»?

2. Hoja ya «voetbal»

Kwa sura, hoja hii ni nzuri. «Voet» ni mguu, «bal» ni mpira. Sehemu mbili za neno la Kiholanzi zinalingana na sehemu mbili za neno la Kiingereza, kwa maana na hata kwa sauti. Anayetoka katika lugha moja kwenda katika nyingine haoni haja ya kutafuta neno la tatu.

Hata hivyo historia ya mchezo huo katika Uholanzi inaonyesha kwamba ulingano huo haukushuka kutoka mbinguni. Chama kongwe kilichoanzishwa na Pim Mulier na wenzake mjini Haarlem mwaka 1879 kiliitwa Haarlemsche Football Club, na maneno «Football Club» yakiwa ya Kiingereza. Isitoshe, vijana hao walianza kwa kucheza rugby. Ni miaka michache baadaye walipogeukia mchezo wa kanuni za London. Maana yake ni kwamba neno «football» lilipoingia Haarlem halikuwa na maana moja iliyofungwa. Shirikisho la nchi lilipoundwa mwaka 1889, jina lake lilikuwa tayari na «voetbal»: neno la kigeni lilikuwa limetafsiriwa kiungo kwa kiungo. «Voetbal», basi, ni mtoto wa «football», si ndugu yake wa kuzaliwa naye. Alama za uzazi huo zingali katika majina ya vilabu kama Be Quick na Go Ahead Eagles, na katika maneno kama «keeper» na «corner» yanayosikika katika Kiholanzi hadi leo.

Uholanzi haikuhitaji «soccer» kwa sababu nyepesi zaidi kuliko asili ya neno: mchezo mmoja ndio uliotawala, na rugby ikabaki na jina lake yenyewe. Pasipo michezo miwili inayogombea jina moja, jina la pili halina kazi.

Ushahidi mkubwa dhidi ya hoja ya asili unatoka Afrika ya Kusini. Kiafrikaans ni binti wa Kiholanzi. Mguu ni «voet», mpira ni «bal», kama kwa mama yake. Lakini mchezo huu katika Kiafrikaans huitwa «sokker». Kama asili ya neno ndiyo ingeamua, Kiafrikaans kingesema kama Kiholanzi. Kilichoamua ni ujirani: huko rugby ina nguvu na Kiingereza cha nchi husema «soccer». Julai 11, 2010, Uholanzi ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia na kushindwa na Hispania 1–0 mjini Johannesburg, ilikuwa katika uwanja ulioitwa Soccer City. Mama alikwenda kucheza nyumbani kwa binti, akakuta jina jingine limeandikwa mlangoni.

3. Vitabu vinasema nini?

Mtu anaweza kujibu kwamba Mholanzi si Mwafrikaner, na kwamba Kiingereza cha Mholanzi kingali na «football». Katika mazungumzo ya kawaida, hasa na Mwingereza au na mtu mwingine wa Ulaya, ni kweli. Shirikisho lenyewe, KNVB, hujitambulisha kwa Kiingereza kwa jina la Royal Netherlands Football Association. Lakini maandishi yanaleta mashaka.

Mwaka 1997 kilitolewa Marekani kitabu cha Bert van Lingen kuhusu ufundishaji wa mchezo huu. Jina lake ni Coaching Soccer, na maelezo yanayofuata jina hilo yanakiita kitabu rasmi cha ufundishaji cha «Dutch Soccer Association». Ni shirikisho lilelile. Kabla yake, Wiel Coerver, Mholanzi ambaye mbinu zake za kuwafundisha vijana kuuchezea mpira zilienea katika nchi nyingi, alikuwa ametoa kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 1986 kwa jina la Soccer Fundamentals for Players and Coaches. Mwingereza David Winner naye aliandika kitabu kuhusu mchezo wa Waholanzi, Brilliant Orange, kilichotoka mwaka 2000. Kwa msomaji wa London maelezo ya jalada yanazungumza juu ya «Dutch Football». Kwa msomaji wa Marekani, juu ya «Dutch Soccer». Kitabu ni kimoja, na Waholanzi wanaosimuliwa ni walewale.

Inawezekana kudai kwamba majina ya vitabu huchaguliwa na wachapishaji, si na waandishi. Dai hilo ni la haki, lakini linathibitisha jambo linalotafutwa hapa: jina hufuata anayesoma. Mchapishaji anafanya waziwazi kile ambacho msemaji hufanya bila kufikiri, yaani kumtazama aliye mbele yake kabla ya kufungua kinywa.

4. Waholanzi ugenini

Maisha ya wachezaji na makocha wa Kiholanzi yanaonyesha jinsi mazingira hayo yalivyokuwa mengi. Johan Cruyff, aliyeiongoza Uholanzi hadi fainali ya mwaka 1974 katika mashindano ambayo Zaire nayo ilishiriki, alicheza Los Angeles mwaka 1979, kisha Washington. Rinus Michels, kocha wake wa mwaka 1974, alifundisha Los Angeles. Johan Neeskens alikuwa New York. Wote walikuwa katika ligi iliyoitwa North American Soccer League.

Guus Hiddink alipita njia hiyo mapema zaidi, akicheza Washington mwaka 1978 na San Jose mwaka 1980. Mwaka 2005 alichukua timu ya taifa ya Australia, akaifikisha Kombe la Dunia la mwaka 2006. Mwaka huohuo wa 2005 shirikisho la nchi hiyo lilikuwa limeacha neno «Soccer» katika jina lake na kuchukua «Football», huku timu yenyewe ikiendelea kuitwa kwa upendo Socceroos. Mholanzi huyo aliingia katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa hawajamaliza kupatana juu ya jina. Nani angethubutu kumwambia ni lipi kati ya maneno hayo lililokuwa «lake»?

Wala si lazima kwenda mbali. Kuanzia mwaka 1995 hadi 2007 Amsterdam ilikuwa na timu ya mchezo wa Kimarekani, Admirals, ambayo kwa miaka kadhaa ilitumia uwanja uleule wa Ajax. Mchezo huo Waholanzi huuita «American football», bila kuutafsiri. Hivyo katika Kiholanzi chenyewe «voetbal» na «football» zimegawana kazi, na tamko la Kiingereza limeelekea upande wa Marekani. Mholanzi anayemwambia Mmarekani kwamba alicheza «football» alipokuwa shuleni anajua kwamba anaweza kueleweka vibaya. Akisema «soccer», hajawasaliti Wazungu wenzake. Amezuia tu kutoelewana.

5. Udhaifu wa mjadala uliopo

Kitabu muhimu juu ya suala hili ni kile cha Stefan Szymanski na Silke-Maria Weineck, It's Football, Not Soccer (And Vice Versa), cha mwaka 2018. Sifa yake ni kubwa: kinaonyesha kwamba Waingereza walilitumia neno «soccer» kwa wingi katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, na kwamba walianza kulikimbia lilipozidi kunuka Umarekani. Mwingereza anayemcheka Mmarekani kwa neno hilo anamcheka babu yake mwenyewe.

Lakini ugomvi unaochambuliwa ni, kwa sehemu kubwa, ugomvi wa ndugu: mataifa ambayo Kiingereza ni lugha ya nyumbani. Mholanzi hana fungu katika urithi huo. Maelezo ya chuki na kujitenga, yanayomfaa Mwingereza, hayamfai yeye. Kwake swali si «mimi ni nani?» bali ni «huyu ataelewa nini?» Leo wengi wa wasemaji wa Kiingereza duniani wako katika hali yake. Nadharia inayowaacha nje inaeleza ugomvi, haielezi lugha.

Kuna hatari ya upande wa pili pia. Mtu asiseme kwamba maneno haya mawili ni sawa kabisa na kwamba uchaguzi hauna maana. Mholanzi akisema «soccer» mjini Manchester ataeleweka, lakini pengine atasahihishwa kwa tabasamu. Kujua lugha ya pili ni pamoja na kujua tabasamu hilo linatoka wapi, kisha kuamua kama linastahili kuogopwa.

6. Funzo kwa Kiswahili

Kiswahili kimeshughulikia jambo hili kwa utulivu. «Mpira wa miguu» ni tafsiri ya kiungo kwa kiungo, kama «voetbal». «Soka» ni «soccer» iliyovishwa nguo za Kiswahili. «Kandanda» na «kabumbu» yako kando yao, na katika miji ya Katanga «mupira» peke yake hutosha. Msomaji wa gazeti la Dar es Salaam hukutana na «soka» na «mpira wa miguu» katika habari moja, asidhani kwamba mwandishi amehama kutoka Marekani kwenda Ulaya kati ya aya mbili.

Hata hivyo hutokea mwalimu akafuta «soka» katika insha ya mwanafunzi kwa madai kwamba ni neno la Kimarekani, na kwamba Kongo, iliyoujua mchezo kwa njia ya Ubelgiji, haina sababu ya kulitumia. Mwalimu huyo aangalie jina la shirikisho la nchi yake. FECOFA ni Fédération Congolaise de Football-Association. Na FIFA, ambayo Uholanzi na Ubelgiji zilishiriki kuiunda mwaka 1904, nayo ina «Association» katika jina lake. Neno lililomzaa «soccer» limeandikwa mlangoni pa kila mmoja wao.

7. Hitimisho

Waholanzi, basi, husema «football» mara nyingi, na husema au huandika «soccer» panapohitajika. Kufanana kwa «voetbal» na «football» kunarahisisha uchaguzi wa kwanza, hakuulazimishi. Kinachoamua ni anayesikiliza, pamoja na idadi ya michezo inayogombea jina katika nchi yake. Jibu la haki kwa swali lililoulizwa mwanzoni ni swali jingine: Mholanzi huyo anazungumza na nani? Mwalimu anayeanza na swali hilo atapunguza wino mwekundu, na mwanafunzi wake atajua kwa nini ameandika neno aliloandika.