Santorini kwa Katamarani: Anzia kwenye Nanga

Kila anayetembeza wageni kwa katamarani huko Santorini ana picha zile zile: wavu wa mbele umejaa watu waliovaa nyeupe, glasi mkononi, na nyuma yao nyumba za kijiji cha Oia zimekaa ukingoni mwa jabali. Bei nazo hazipishani sana, na vyombo vingi vimetoka kwenye viwanda vile vile vya Ufaransa, kama Lagoon na Fountaine Pajot. Ukichagua kwa picha, umecheza bahati nasibu. Matembezi mazuri hutengenezwa na nahodha na baharia wake, na kazi yao ina alama zinazoonekana hata na mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Alama ya kwanza iko bandarini, kabla hujavua viatu. Na utavivua, chombo kinachoheshimu sitaha yake kina kapu la viatu pale pa kupandia. Safari nyingi huanzia Vlychada, bandari ndogo ya upande wa kusini, au Ammoudi, gati lililo chini kabisa ya Oia. Achana na magodoro. Nenda nyuma ya chombo, penye vidato vya kushukia majini, utazame pale rangi inapokutana na maji. Katamarani inachukia uzito. Ngalawa yetu ina mtumbwi mmoja katikati na matengo pande mbili. Katamarani haina mwili wa katikati, ina viwiliwili viwili vyembamba vilivyoungwa kwa sitaha pana, na wembamba huo ndio unaoipa wepesi. Ikipakiwa kupita kiasi inadidimia, nafasi kati ya sitaha na bahari inapungua, na kila wimbi linalopita chini linaigonga sitaha kwa kishindo. Kwa hiyo kidato cha mwisho kikiwa kinafunikwa na maji wakati bado mko bandarini palipotulia, jiandae kupigwa mshindo siku nzima. Hapo ndipo utakapojua kama "kikundi kidogo" ulichoahidiwa ni kidogo kweli. Uliza idadi kamili ya abiria siku ya kuweka nafasi. Chombo cha futi 42 chenye watu kumi ni raha. Chombo hicho hicho chenye watu ishirini ni daladala.

Kisha nanga, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu bahari ya Santorini si ya kawaida. Thira, kama Wagiriki wanavyokiita kisiwa hiki, ni mabaki. Miaka ipatayo 3,600 iliyopita volkano ililipuka, ardhi iliyokuwa juu ya ghala la magma ikaporomoka, bahari ikaingia. Kilichobaki ni pete iliyokatika: Thira yenyewe, Thirasia ng'ambo, na kisiwa kidogo cha Aspronisi. Katikati yake vimeota baadaye visiwa viwili vyeusi vya lava, Palea Kameni na Nea Kameni. Kaldera hiyo ina urefu wa kilomita kama 11 na upana wa kilomita 7. Kuta zake hupanda hadi mita 300 hivi juu ya maji, na upande wa kaskazini kina hufika karibu mita 390. Ukuta unaouona juu unaendelea kushuka hivyo hivyo chini ya maji, na ndiyo maana meli kubwa za watalii zinazosimama chini ya mji wa Fira kwa kawaida hazitupi nanga: hushikiliwa na injini au hufungwa kwenye maboya. Katamarani nazo zina sehemu chache tu zenye kina cha kufaa, vihori vya pwani ya kusini na vipembe vya Kameni, na sehemu hizo kila nahodha anazijua. Saa sita mchana mtakutana wote hapo.

Sasa mtazame anavyoingia, tuseme mbele ya Ufuko Mweupe karibu na Akrotiri. Nahodha mvivu huja moja kwa moja, huangusha nanga na mnyororo ukarundikana juu yake, kisha hutangaza kwamba wakati wa kuogelea umefika. Mjuzi huzunguka kwanza, akiangalia vyombo vingine vimelala vipi na vitaelekea wapi upepo ukigeuka. Huelekeza omo kwenye upepo. Baharia yuko mbele, wanazungumza kwa ishara za mikono, hakuna anayempigia mwenzake kelele. Nanga ikishagusa chini, chombo kinarudi nyuma polepole huku mnyororo ukilazwa mchangani, mara tatu au nne ya kina cha maji, na zaidi upepo ukiwa mkali. Halafu inakuja hatua ambayo abiria wengi hawaioni kwa sababu wameanza kujipaka mafuta ya jua: baharia anainama na kuukamata mnyororo kwa ndoana iliyofungwa kamba mbili, moja kutoka kila kiwiliwili cha chombo. Anaachia mnyororo kidogo, nao unalegea; uzito wote unahamia kwenye zile kamba. Sasa chombo kimetulia, hakiyumbi kushoto na kulia, na mtambo wa kuvutia nanga umepumzika. Mwisho nahodha anatia gia ya nyuma kwa nguvu kiasi, huku macho yake yako pwani, kwenye mwamba ulio mbele ya mwamba mwingine. Iwapo miamba hiyo miwili haiachani, nanga imeuma. Ndipo anapozima injini.

Shughuli yote hiyo ni ya dakika chache. Ukiiona imefanywa kwa mpangilio huo, waweza kulala kwenye wavu bila wasiwasi, maana mtu anayetia nanga hivyo hawezi kuwa mzembe kwenye mambo mengine. Na kama injini bado inanguruma huku watu wanarushwa majini, usiruke, hata wenzako wakikucheka. Propela haijui mgeni.

Upepo ndio unaopanga ratiba. Miezi ya Julai na Agosti Bahari ya Aegean hupigwa na meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaozaliwa kati ya mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Balkani na mgandamizo mdogo juu ya Uturuki. Msomaji wa pwani ataukumbuka upepo wa kaskazi, ila wetu ni wa Desemba hadi Machi na una adabu. Meltemi huja chini ya anga safi kabisa, bila wingu la kukuonya, na huweza kuvuma kwa siku kadhaa mfululizo. Ndani ya kaldera unageuka kuwa kitu kingine: hupanda ukingo wa jabali kisha hudondoka upande wa pili kwa mapigo ya ghafla. Kwa hiyo nahodha anayefuata ratiba ya karatasi bila kujali upepo si wa kumwamini. Siku ya meltemi kali mwenye akili hukaa zaidi kusini, kwenye kivuli cha kisiwa, na hukwambia sababu kabla hamjang'oa nanga. Abiria wengine hununa kwamba wamenyimwa Oia. Mimi huona wamepewa nahodha.

Hapo linakuja suala la tanga. Wengi hulipia chombo cha tanga na kurudi bila kuliona likitwekwa. Kuna sababu za haki. Muda ni wa saa tano tu, vituo ni vingi, na katamarani haipendi kwenda joshi. Ikielekezwa karibu na upepo hujikokota. Ukiondoka Vlychada kwenda Oia siku ya meltemi, upepo uko usoni, na injini ndiyo itakayokufikisha. Lakini ukianzia Ammoudi kushuka kusini, upepo uko nyuma yako, na nahodha asiyetweka tanga siku hiyo ni mvivu au yuko peke yake na baharia asiyejua kazi. Jihadhari pia na tanga dogo la mbele linalofunguliwa kwa dakika kumi, watu wapige picha, huku injini zote mbili zikiendelea kusukuma. Sikiliza: chombo kinachokwenda kwa tanga kina sauti ya maji tu na kamba. Swali la kuuliza wakati wa kuweka nafasi ni jepesi: "Kukiwa na upepo wa kufaa, mnazima injini?" Jibu la kuzungukazunguka ni jibu tosha.

Chemchemi za moto za Palea Kameni ndizo zinazowavunja moyo watu kuliko kituo kingine chochote, na mara nyingi kosa ni la maelezo. Maji yale hayachemki. Ni ya uvuguvugu, nyuzijoto 30 hadi 35 hivi, yana rangi ya kutu kwa sababu ya chuma, na yananuka salfa. Chombo hakifiki hapo. Husimama kwenye maji ya kina na ya baridi, nawe unaogelea mpaka ndani ya kihori, karibu na kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Nikolaos. Baharia mzuri hueleza yote haya kabla: vua fedha na dhahabu, usivae nguo nyeupe ya kuogelea maana haitarudi kuwa nyeupe, asiyejua kuogelea vizuri achukue boya. Kisha hubaki nyuma ya chombo amesimama, hajashika simu, na huhesabu vichwa vikienda na vikirudi. Nimewahi kuona chombo ambacho mabaharia wote wawili walikuwa jikoni wakati wageni wako majini. Chakula kilikuwa kitamu, lakini nisingempeleka mwanangu.

Maelezo ya njiani nayo ni kipimo. Pale Ufuko Mwekundu, mwambie mwenyeji wako akueleze wekundu umetoka wapi. Anayejua kazi yake atasema ni mawe ya volkano yenye chuma kilichoshika kutu, na ataongeza kwamba mawe huporomoka, ndiyo maana ni afadhali kuutazama kutoka baharini. Kwenye ukuta wa kaldera atakuonyesha matabaka, lava nyeusi, mawe mekundu, na juu kabisa tabaka jeupe la majivu na mawe mepesi ya ule mlipuko mkubwa, yaliyochimbwa karne ya 19 na kutumika katika ujenzi wa Mfereji wa Suez. Atakwambia kwamba Nea Kameni ililipuka mara ya mwisho mwaka 1950, na kwamba mwanzoni mwa 2025 matetemeko yaliyofuatana kati ya hapa na kisiwa cha Amorgos yaliwafanya maelfu ya watu kukihama kisiwa kwa muda. Labda atapunguza sauti karibu na bandari ya Athinios, ambako meli ya Sea Diamond iligonga mwamba Aprili 2007 na baadaye kuzama ndani ya kaldera. Abiria wawili hawakupatikana. Yule asiye na la kusema isipokuwa hadithi ya Atlantis, msikilize kwa heshima na uendelee kula.

Chakula, basi. Jiko la kuchomea huwa limening'inizwa nyuma ya chombo, na kitu cha kutazama ni wakati linapowashwa. Mpishi mzuri huanza chombo kikishatia nanga, nyama ikatoka motoni kuingia kwenye sahani. Kilichochomwa bandarini na kufunikwa karatasi ya foili utakijua kwa ukavu. Ila nyama ni ile ile ya Ugiriki yote. Ladha ya Santorini iko kwenye mboga zisizomwagiliwa, zinazoishi kwa umande na ukungu wa bahari. Tafuta fava, ule uji mzito wa mbegu za manjano za jamii ya kunde, na nyanya ndogo za kisiwa zenye ngozi nene na utamu mkali. Zikiwepo mezani, kuna mtu amekwenda sokoni kwa makusudi. Mvinyo wa kisiwa ni Assyrtiko, mkavu, wenye ukali wa chumvi. Ukiletwa wa moto katika kikombe cha plastiki, mwenye chombo amekununulia jina tu. Kwa wasiokula nguruwe: mishikaki ya Ugiriki mara nyingi ni ya nguruwe, na jiko la chombo ni moja na koleo ni moja. Sema siku ya kuweka nafasi, si moshi ukishapanda.

Kuhusu machweo sina mengi ya kusema, jua litazama tu. La muhimu ni kwamba Juni na Julai linatua upande wa kaskazini-magharibi, hivyo chombo kinatakiwa kiwe mahali penye bahari wazi upande huo. Safari ya alasiri ina vyombo vingi zaidi. Ya saa nne asubuhi ina utulivu, na kwa mtoto au mzee mwenye tumbo jepesi ndiyo ninayoipendekeza.

Na ikitokea umepigiwa simu asubuhi kwamba mamlaka ya bandari imezuia vyombo kutoka, au nahodha mwenyewe ameamua hatoki, usibishane. Uliza mawili tu: fedha zinarudi zote, au siku inasogezwa? Haya yawe yameandikwa tangu siku ya malipo. Kisha panda basi kwenda Akrotiri, kwenye magofu yaliyoanza kufukuliwa na Spyridon Marinatos mwaka 1967, sasa yakiwa chini ya paa, upepo haukufikii. Katika nyumba mojawapo hapo ulikutwa mchoro wa ukutani wa msafara wa meli, uliofukiwa na majivu ya mlipuko ule ule. Karibu meli zote zinasukumwa kwa kafi. Moja tu ndiyo iliyotweka tanga.