Jiko na Upweke katika Hadithi "Mrs. Sen's" ya Jhumpa Lahiri

Imezoeleka kusemwa kwamba mwanamke aliyehamia ugenini hujijengea maisha mapya kwa mapishi ya kwao. Hadithi fupi "Mrs. Sen's", iliyomo katika kitabu Interpreter of Maladies (1999) cha Jhumpa Lahiri, kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2000, inaikubali kauli hiyo nusu tu. Nusu ya pili inaipinga, na hapo ndipo ilipo thamani yake.

Bibi Sen, aliyetoka Calcutta kumfuata mumewe anayefundisha chuo kikuu huko Marekani, humtunza Eliot, mtoto wa miaka 11, kila baada ya masomo. Huketi sakafuni juu ya magazeti, akikata mboga kwa kisu kilichopinda, kilichofungwa kwenye kibao, alichokuja nacho kutoka India. Chombo hicho ndicho kinachobeba dhamira. Kwao, anasimulia, harusi ikikaribia majirani wa kike huja na visu vya namna hiyo, wakaketi duara juu ya paa, wakakata kilo 50 za mboga usiku kucha huku wakicheka. Ugenini kisu ni kilekile, lakini duara halipo. Ndiyo maana anamwuliza mtoto kama kuna jirani atakayekuja iwapo yeye atapiga ukelele.

Samaki ni kielelezo cha pili. Akimpata samaki mbichi mzima, Bibi Sen huchangamka. Lakini ndani ya basi mfuko wake unamkera abiria mwenzake. Mamake Eliot naye huonja kidogo chakula anachokaribishwa, ingawa hakipendi. Hata ajali ya gari inayokatisha malezi ya mtoto inatokea katika safari ya kumfuata samaki. Ni dhahiri kwamba mapishi yanampa mhusika kazi na kumbukumbu, ila hayampi ujirani.

Lahiri ameyaonyesha yote kwa macho ya mtoto. Uteuzi huo una faida, kwani mtoto huona mikono na maganda bila kuhukumu. Una hasara pia: Bwana Sen anabaki kivuli, na wajibu wake katika upweke wa mkewe hauchunguzwi vya kutosha.

Hata hivyo, hadithi hii yawafaa wanafunzi wa fasihi ya uhamiaji. Wasitosheke na kuuliza mhusika anapika nini. Waulize pia ni nani anayeketi naye kukata, na ni nani anayekula.