Mkikuyu aliyekuwa Mzee Ojwang: kazi ya ulimi

Wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, wana sikio linalofaa kupima kazi ninayoichambua hapa. Kiswahili kilichofika huko na misafara ya wafanyabiashara akina Tippu Tip kinasemwa leo na Wakusu, Wazimba na Wabangubangu, na mtu akifungua tu kinywa wenziwe hukisia ametoka upande gani. Basi wamsikilize Benson Wanjau, mwigizaji wa Kenya aliyefariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015. Kwa takriban miaka 30, katika vipindi vya televisheni kama Darubini na Vitimbi, aliigiza mzee wa Kijaluo aitwaye Ojwang, na watazamaji wengi waliamini ni Mjaluo wa kuzaliwa, ilhali alikuwa Mkikuyu. Wengi husifu kipaji chake cha kuiga. Mimi naona ustadi wake mkubwa ulikuwa katika kujizuia.

Tuanze na sauti zenyewe. Kijaluo hakina sh, z wala v, kwa hiyo mzee wa kijijini huko Nyanza anaweza kusema “suri” akikusudia zuri, na “samba” akikusudia shamba. Hilo ni jepesi, hata mlevi wa kilabuni huliiga. Ugumu uko kwenye ulimi wa Kikuyu wenyewe, ambao huchanganya l na r, tena hupenda kutanguliza m au n mbele ya b na d, hata baba akawa “mbaba” na dawa ikawa “ndawa”. Mjaluo hana mazoea hayo: d yake hutoka safi, l na r zake hazigongani. Kumbe kabla ya kuongeza chochote cha Kijaluo, Wanjau alipaswa kuondoa cha kwake, na kukiondoa kila wiki, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu Vitimbi haikuwa filamu ya kupigwa mara moja ikaisha. Tena Ojwang ni mzee wa majigambo na hasira, anayebishana na mkewe kipindini, Mama Kayai, yaani Mary Khavere, mwigizaji Mluhya. Mtu akikasirika, akiharakisha maneno, akikatizwa katikati ya sentensi, ndipo lugha ya mama humponyoka. Mabishano hayo ndiyo yaliyobeba kichekesho, na ndiyo yaliyokuwa na hatari kubwa zaidi kwake.

Tumlinganishe na Iron Eyes Cody wa Marekani. Alizaliwa Louisiana mwaka 1904, wazazi wake wahamiaji kutoka Italia, jina lake Espera Oscar de Corti, akaigiza Wahindi Wekundu maisha yake yote. Tangazo la mwaka 1971 dhidi ya uchafuzi wa mazingira, lililomwonyesha akidondokwa na chozi, lilimpa umaarufu mkubwa. Lakini katika tangazo lile hasemi neno. Uso na mavazi vinatosha. Tena hata nje ya kamera alidai damu ya Wahindi Wekundu, hadi gazeti moja la New Orleans lilipofichua asili yake mwaka 1996. Wanjau hakudai ukoo wa mtu, na chombo chake kikuu kilikuwa kinywa, ambacho kila Mjaluo nchini angeweza kukisahihisha.

Kuna wanaosema Mkikuyu kumwigiza Mjaluo ni kumkejeli jirani, hasa katika nchi ambayo siasa zimewagombanisha watu wa makabila hayo tangu Kenyatta, Mkikuyu, na Odinga, Mjaluo, walipoachana kisiasa mwaka 1966. Pingamizi hilo ni zito, na kwa waigaji wengi ni la haki kabisa. Lakini ondoa lafudhi yote katika mabishano ya Ojwang na Mama Kayai, uyaseme kwa Kiswahili cha Unguja: mzee bado anachekesha, kwa sababu kinachochekesha ni kiburi cha mwanamume anayejiona mkubwa mbele ya mke asiyetishika. Lafudhi inamweka mahali pake tu, haimfanyi mjinga. Ndiyo maana ningependa kanda za Vitimbi ziwafikie vijana wa maigizo wa Kasongo, wasizitazame kwa kucheka tu, bali wafuatilie d na l za mzee huyo pale anapopandwa na hasira.