Maumbile katika Kitabu cha Aniceti Kitereza

Watoto wengi wa shule za Tanganyika, zama za Waingereza, walisoma habari za tembo katika Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ya Rider Haggard iliyofasiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929. Humo tembo ni pembe, na nchi ni njia ya mgeni apitaye. Mtoto wa Mwanza yamfaa zaidi kitabu cha jirani yake, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896.

Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akazifasiri mwenyewe. Kiswahili chake kilitolewa Dar es Salaam mwaka 1980. Myombekere, ili arudishiwe mkewe, adaiwa na wakwe zake pombe ya ndizi. Mwandishi mwingine angalitaja mitungi akapita. Kitereza akaa na kazi yenyewe mpaka pombe iwe tayari. (Wako walalamikao kwamba hadithi yakawia. Yakawia kweli, wala si ila.) Hasifu miti wala ziwa, aeleza matumizi yake, na msomaji hupenda kwa kujua.

Taabu i katika majina. Kiswahili cha pwani hakina jina la kila mti wa visiwa vya Ziwa Viktoria, na mara nyingi mfasiri hana budi kuliacha neno la Kikerewe lilivyo. Watakaokifupisha kitabu hiki kwa ajili ya shule wasiyaondoe maneno hayo: mtoto wa Nansio huenda ameyasikia kwa bibi yake, na wa Dar es Salaam atauliza.