Pai Isiyo na Tunda Wala Yai

Pai ya matufaha humsitiri mpishi wake. Ukali wa tunda na harufu ya mdalasini hufunika makosa mengi, na mlaji asiye mchunguzi husifu tu. Pai ya sukari na krimu inayookwa mashariki mwa jimbo la Indiana, Marekani, haimsitiri mtu. Ndani ya ganda lake mna krimu nzito, sukari, unga kidogo, vanila, chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili, na kungumanga iliyokwaruzwa juu. Basi. Kila alichofanya mpishi, na kila alichokiacha, kinaonekana kwenye sahani, na ndiyo maana mimi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi ngumu kabisa za jikoni.

Ni chakula cha majira magumu. Baridi ikishika, mchana hufupika na kuku hupunguza kutaga. Matufaha yaliyowekwa ghalani huisha au huoza kabla miti haijachipua tena. Mkulima wa karne ya 19 alibaki na ng'ombe zizini, pipa la unga na sukari kidogo, na wanawake wa mashambani wakaona kwamba hivyo vinatosha. Asili yake huhusishwa sana na Wakristo wa dhehebu la Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, waliohama North Carolina kwa kuchoka kuishi penye utumwa. Mmoja wao, Levi Coffin, aliyewaficha nyumbani kwake watumwa waliokuwa wakitoroka, alifika Indiana mwaka 1826. Pai yao ilibaki ya nyumbani kwa muda mrefu. Mwaka 1944 Duane Wickersham wa mji wa Winchester alianza kuioka kwa biashara akitumia maagizo ya familia yake, na mwaka 2009 Seneti ya Indiana ikapitisha azimio la kuitambua kuwa pai ya jimbo.

Msomaji wa Vihiga au Kakamega atakuwa ameshatega sikio. Wamishenari wa Marafiki kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo hakuna nchi yenye Marafiki wengi kuliko Kenya. Ofisi ya Friends United Meeting, jumuiya inayotuunganisha na wenzetu wa kule, iko Richmond, Indiana. Kwa uhusiano huo nilifika katika mji huo, nikapokelewa nyumbani kwa mama mmoja mjane, mzee wa kanisa, ambaye ameoka pai hii tangu utoto wake. Alinikaribisha jikoni kwa sharti moja: nikae kwenye kiti nitazame, nisiulize kitu mikono yake ikiwa ndani ya unga.

Maagizo yake yako kwenye kadi ngumu iliyopauka, kwa mwandiko wa bibi yake mzaa mama. Ni orodha tu: kikombe cha sukari, theluthi ya kikombe cha unga, vikombe viwili vya krimu. Hakuna kiwango cha moto wala muda, kwa kuwa bibi huyo aliokea kwenye jiko la kuni na alipima joto kwa kuingiza mkono tanurini na kuhesabu mpaka mkono ushindwe kuvumilia. Pembeni, kwa penseli, mama yake aliongeza siagi, vipande vidogo vya kutawanya juu. Mengine yote yalipitishwa kwa kutazamana.

Kazi huanzia kwenye ganda, tena huanza kwa ubaridi. Mwenyeji wangu hunawa kwa maji baridi kabla ya kugusa unga, na kama jiko lilikuwa limewashwa husubiri chumba kipoe. Bibi yake alitumia mafuta ya nguruwe. Yeye hutumia siagi iliyotoka sasa hivi kwenye friji. Huikata vipande, kisha huivunjavunja ndani ya unga kwa ncha za vidole, maana viganja vina joto. Mwenye pupa angeendelea mpaka unga wote uwe laini. Yeye huacha mapema, mabonge mengine yakiwa bado na ukubwa wa njegere, na mara ya kwanza nilidhani amesahau. Siagi hiyo iliyobaki nzima hulala bapa katikati ya unga unaposukumwa. Ndani ya oveni huyeyuka, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kuinua tabaka za unga, na ndiyo sababu ganda lake hubanduka kwa vipande vyembamba vinavyovunjika mdomoni bila kutafunwa.

Maji ya barafu huingia kijiko kimoja kimoja, na hapa sisi wa chapati tuna la kujifunza upya. Tumezoea kukanda kwa nguvu mpaka unga uvutike, tukiitafuta ile gluteni ambayo pai inaiogopa. Yeye hukusanya tu. Akifinya unga kiganjani na ukashikana, maji yametosha, hata kama nyufa zinaonekana na sehemu nyingine bado ni kavu. Huufunika, huuweka kwenye friji kwa saa nzima, na katika saa hiyo maji husambaa yenyewe na unga hulegea. Ukitoka huko husukumwa kuanzia katikati kuelekea nje, ukiinuliwa na kugeuzwa robo kila mara ili usigande kwenye meza.

Kuulaza kwenye sahani ya kuokea ni kazi ya dakika moja, lakini niliitazama kwa makini kuliko zote. Hauvuti hata kidogo. Huuinua ukingoni na kuuacha udondoke wenyewe mpaka kwenye kona ya chini, kwa sababu unga uliovutwa hujikunja tena motoni, ukingo ukateremka na krimu ikamwagika. Kisha huubana ukingo kwa kidole gumba cha mkono mmoja na vidole viwili vya mwingine, akizunguka sahani taratibu. Kila pai yake niliyoiona ina mkunjo mmoja ulio mpana kuliko mingine, mahali ambapo mkono hulazimika kubadili mkao.

Baada ya hapo hufanya jambo ambalo nisingeliamini kwa kuambiwa. Hamwagi vitu kwenye bakuli. Sukari na unga huingia moja kwa moja ndani ya ganda bichi, na huvichanganya humo humo kwa vidole mpaka visitambulikane, ili chembe za sukari zitenganishe zile za unga na madonge yasipatikane. Kisha humimina krimu na kukoroga kwa kidole cha shahada, polepole, akifuata duara la sahani. Ndivyo walivyofanya wanawake wa zamani wa huko, na sababu zao ni nzuri. Kijiko kingetoboa ganda. Kidole hujua kimefika chini na kusimama. Tena krimu ikipigwa kwa nguvu hujaa hewa, na krimu iliyojaa hewa haigandi vizuri. Sheria ya Marekani hutaka krimu nzito iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 36, na mafuta hayo ndiyo yanayoiwezesha kuchemka kwa muda mrefu bila kukatika.

Mama yake hakuifuata njia hii. Yeye alipika krimu na sukari jikoni pamoja na wanga wa mahindi, akikoroga bila kuinua mwiko kama mtu anayepika uji, kisha akaimimina ndani ya ganda lililokwisha kuokwa. Ni njia salama zaidi, na pai yake hutoka laini sawasawa kutoka juu hadi chini. Dada wa mwenyeji wangu bado hupika hivyo, na kwenye Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, pai zote mbili huwekwa mezani. Watu wa familia hiyo hujulikana kwa ile wanayoikata kwanza. Mimi ni wa upande wa bibi. Katika pai yake chini huwa pazito kidogo, juu hupata ngozi nyembamba yenye rangi ya kahawia, na ulimi husafiri kutoka kimoja hadi kingine. Ile ya mama ni tamu, lakini ukishaonja kijiko cha kwanza umeshaijua yote.

Oveni huanza na joto la nyuzi 220 ili sehemu ya chini ya ganda ishike kabla krimu haijalilowesha. Baada ya dakika kumi hivi huteremshwa hadi 175, na hapo kuna kusubiri kwingi. Krimu huanza kutokota ukingoni, mapovu mazito yanayopasuka kivivu, kisha utokotaji husogea kuelekea katikati. Saa ya ukutani haimsaidii sana, maana krimu ya leo si ya jana na hali ya hewa hubadilika. Hufungua mlango, hugusa sahani ukingoni na kuangalia. Kama katikati panapita wimbi kutoka upande hadi upande, bado. Kama ukingo umetulia na katikati panatetemeka tu, huitoa mara moja, ingawa kwa macho yangu ilikuwa mbichi kabisa. Wanga ulikwisha kuvimba kwa joto na kushika maji. Kukaza kwenyewe hutokea pai inapopoa. Ukingoja katikati patulie ndani ya oveni, utakula kitu kilichokauka na kupasuka.

Haikatwi siku hiyo. Hupoa juu ya waya mpaka jioni, hulala kwenye friji, na asubuhi ndipo kisu hutolewa. Kipande cha kwanza hakiliwi mara moja. Mwenyeji wangu hukiinua kwa kisu kipana, hukiinamisha karibu na dirisha na kukagua upande wa chini wa ganda, akitafuta rangi na ukavu, huku wageni wakiwa na uma mkononi. Mara ya mwisho nilipokuwa naye, ganda lilikuwa la dhahabu pande zote isipokuwa alama ya kijivu katikati, ndogo kuliko sarafu. Sisi tulikwisha kuanza kula na kusifu. Yeye alivaa miwani, akaichukua ile kadi ya bibi yake, akatafuta penseli na kuandika chini ya maneno ya mama yake kwamba sahani ishushwe ngazi moja kwenye oveni.